Mtoto Analala Wapi

Madaftari yangu ya miaka ile yalikuwa saba, mawili yameliwa na mchwa. Hili lenye habari ya yule kijana limebaki zima, na nimelisoma mara mbili kabla ya kuanza kuandika hapa, maana sijiamini. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na ninajua kwamba mtu akikumbuka jambo baada ya miaka mingi, analikumbuka vile angependa liwe. Kwa hiyo mahali ambapo daftari linasema hivi na kichwa changu kinasema vile, nitasema yote mawili.

Nilikuwa karani wa kuandika namba za mabehewa katika yadi ya reli, Nakuru. Treni ya mizigo ikiingia, natembea kando yake na ubao mkononi, naandika namba ya kila behewa, kilichomo, na kama mlango umefungwa sawasawa. Kazi hiyo haitaki akili nyingi. Inataka mtu asiyeruka namba. Nafikiri ndiyo sababu mwalimu alinitaka.

Mwalimu huyo alifundisha katika shule ya kanisa, karibu na nyumba zetu za reli. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Akina baba wengi walikuwa kambini, akina mama wengine walipakiwa kwenye malori wakarudishwa rizavu, zile sehemu walizotengewa Waafrika, na watoto wakabaki mjini, hakuna aliyewaulizia. Walilala nyuma ya soko na chini ya mabehewa yaliyoharibika. Askari waliwakamata kwa kuzurura au kwa wizi mdogo, na hakimu alikuwa na njia mbili. Aliweza kumpeleka mtoto katika ile shule ya serikali ya watoto waliohukumiwa, mbali, na wengi walirudi kutoka huko wakijua mambo ambayo hawakuyajua walipokwenda. Au alimwachilia, na wiki iliyofuata anakamatwa tena. Mwalimu alikwenda kumwomba njia ya tatu: tupe sisi mtoto, tutamtafutia mtu wa kukaa naye na ufundi wa kujifunza, na kila mwezi tutakuletea habari zake.

Hakimu alikubali. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye kikohozi, na sitasema alikuwa mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Sharti lake lilikuwa moja. Kabla ya kila kesi alitaka ukurasa mmoja: mtoto ni nani, amefanya nini, anakaa na nani, na nani atampokea. Kesi za watoto zilikuwa siku ya Alhamisi, katika chumba cha pembeni, mlango umefungwa, ili watu wa kutazama wasiingie.

Kamati yetu ya kuwapokea watoto hao ilikuwa na majina mengi kwenye karatasi, lakini kazi ilipofika tulikuwa watatu: mwalimu, mimi, na mama mmoja aliyeuza uji nje ya soko. Mama huyo hakujua kusoma. Aliwajua watoto kwa sababu walikuja kuomba ukoko wa sufuria yake.

Kurasa za kwanza aliandika mwalimu. Kila mtoto alikuwa mnyenyekevu na mwenye kumcha Mungu. Baada ya mwezi hakimu akamwambia, "Mwalimu, watoto wako wote ni malaika. Basi ni nani aliyeiba?" Mwalimu alirudi akatusimulia. Mama wa uji akacheka mpaka akashika meza, akasema, "Mpe karani aandike. Huyu hata mkewe akimpikia vizuri, anataja chumvi."

Ndivyo nilivyopewa kurasa. Nikaziandika kama ninavyoandika mabehewa, kilichomo na hali ya mlango. Nusu ya ukurasa mambo mazuri, nusu mabaya, na swali moja nililouliza kila nyumba kabla ya lingine lolote: mtoto analala wapi? Mtu anaweza kukudanganya juu ya chakula na kanisa, lakini kitanda unaweza kuomba kukiona. Hakimu alianza kuziamini kurasa hizo. Mara moja alisema mbele ya mkalimani kwamba karatasi zetu hazidanganyi. Nililiandika neno hilo kwenye daftari siku hiyo hiyo. Naona hata kalamu nilikandamiza zaidi.

Yule kijana alikamatwa katika yadi yangu mwenyewe. Askari wa reli walimkuta chini ya behewa la mahindi na ufagio mfupi na debe, akifagia punje zilizomwagika. Watoto wengi walifanya hivyo na askari wengi waliwafukuza tu. Lakini juu ya punje hizo, ndani ya behewa, palikuwa na gunia lililopasuliwa kwa kisu. Kijana alisema alilikuta hivyo. Mimi nilikuwa nimepita behewa hilo asubuhi na sikuandika kwamba lina gunia lililopasuka. Huenda halikuwa limepasuka. Huenda sikutazama vizuri. Mpaka leo siwezi kusema alilipasua, na siwezi kusema hakulipasua, na ndivyo nilivyoandika.

Mpango wetu ulikuwa tayari. Palikuwa na seremala mzee, mtu wa kanisa la mwalimu, aliyekubali kumchukua na kumfundisha. Kilichobaki ni ukurasa. Ukiwa sawa, hakimu anatupa kijana Alhamisi. Tukikosa, kuna ile shule. Njia nyingine mbaya kuliko hiyo haikuwa imenijia kichwani.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikapanda treni kwenda kumwona mama yake. Alikuwa kibarua wa kuchuma pareto katika shamba la Mzungu juu ya Kariandusi. Kutoka stesheni nilitembea saa nzima. Vumbi jeupe la machimbo ya huko lilikuwa juu ya majani ya kando ya njia, na viatu vyangu vilipofika vilikuwa vyeupe vile vile. Nyapara alitazama pasi yangu, kile kibali cha kusafiri, akaigeuza, akanielekeza kwa kidevu.

Mama alikuwa mwembamba, na kikapu cha maua kimefungwa kiunoni. Hakuacha kuchuma.

"Wewe ndiye karani wa korti?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa reli. Ninasaidia tu."

"Unasaidia nani?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho wa mstari wa maua, kisha akaniambia nimfuate. Alinipa chai katika kikombe cha bati, akakaa juu ya gogo. Nilimuuliza umri wa kijana. Alisema alikuwa tumboni wakati vijana wakiandikwa kwenda kupigana na Mwitaliano. Nilihesabu nikapata miaka kumi na tano, au pungufu kidogo. Mahakama ilimhesabu mtu kuwa mtoto mpaka kumi na sita, kwa hiyo hapo nilitulia.

"Na analala wapi?"

Alinyoosha mdomo kuelekea kibanda kidogo ng'ambo ya kile chake. "Pale. Kwake."

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba. Si alivuka? Nilimpeleka hospitali ya misheni mimi mwenyewe. Hakukuwa na nyimbo wala ngoma, serikali haitaki watu wakusanyike. Lakini hakupepesa jicho. Muulize dresa aliyemfunga kidonda." Alivuta kanga mabegani. "Bwana karani, ukiandika, usimwandike kama katoto. Baba yake yuko kambini. Huyu ndiye mwanamume wa mji huu, wa boma letu. Hata mimi nikitaka kuingia pale, nabisha."

Nilikielewa kila kitu alichosema, na hapo ndipo shida ilipo. Kwetu pia tunatahiri. Nilipokuwa na umri ule nilitoka nyumbani kwa mama yangu, na kuanzia siku ile alizungumza nami akiwa mlangoni. Kumwita kijana kama huyo mtoto mbele ya mama yake ni tusi, na tusi la namna hiyo hufuata familia. Niliomba kuona kibanda. Mama akabisha kwanza, ingawa alijua mwanawe yuko selo ya polisi mjini, kisha akanifungulia. Kitanda cha miti, blanketi moja limekunjwa, jembe, na picha ya baba yake imepachikwa ukutani kwa mwiba. Palikuwa safi kuliko kwangu.

Niliandika ukurasa ndani ya treni, penseli ikirukaruka, nikaunakili kwa wino nyumbani. Ninayo nakala. Inasema: ana umri wa kama miaka kumi na tano. Inasema alikamatwa chini ya behewa, na kwamba habari ya gunia haijulikani. Inasema si mvivu, anamlimia mama yake. Inasema aliondoka shambani bila ruhusa na bila pasi, na kwamba hilo ni kosa. Halafu inasema: "Halali katika nyumba ya mama yake. Ana nyumba yake mwenyewe kwa sababu ametahiriwa, na ndiye mkuu wa mji badala ya baba."

Kila neno hapo ni kweli.

Jumatano baada ya kazi tulikaa darasani kwa mwalimu, nikasoma kwa sauti kama desturi yetu. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Yeye alitoka kwa watu wasiotahiri. Kwake kijana wa miaka kumi na tano ni mtoto wa shule basi, hata akiwa na ndevu. Nimefikiri mara nyingi kwamba kama yeye ndiye angekwenda Kariandusi, angeandika "mtoto" bila kusita na mambo yangekwenda vingine. Sisemi hivyo kumpa lawama. Nasema kwa sababu ni hivyo.

Mama wa uji ndiye aliyekunja uso. "Hiyo ya nyumba yake. Ni lazima?"

"Ni kweli, mama."

"Kweli ni nyingi, karani. Hata wewe una kipele shingoni, nani amekiandika?"

Mwalimu alicheka. Mimi pia nilicheka. Nikamwambia, "Tukianza kuacha moja, kesho tutaacha mbili, na hakimu atajua."

"Haya," akasema. "Wewe ndiwe mwenye kalamu."

Kwenye daftari nimeandika kwamba alisema hayo kwa utani. Kichwani nakumbuka hakuwa anatania. Sijui lipi ni sawa.

Alhamisi asubuhi tulikuwa kwenye benchi la chumba cha pembeni, sisi watatu, na seremala mzee amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amekuja na rula ya kukunja mfukoni, sijui kwa nini, labda ili hakimu aone ni fundi kweli. Kijana aliletwa na askari mmoja. Alikuwa mrefu kuliko nilivyofikiri, mkono wa shati ukiishia karibu na kiwiko. Alitusalimia watatu kwa mkono, mmoja mmoja, kama mgeni anayeingia nyumbani kwa watu. Alipomfikia mama wa uji akamwambia, "Mama, deni la uji nalikumbuka," na mama akamjibu, "Nyamaza, ukoko hauna deni." Askari akacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha siku ile.

Hakimu alisoma ukurasa wangu. Nilimwona akifika chini, akarudi juu, akafika chini tena. Akamuuliza kijana kwa mkalimani, "Unaishi na nani?"

"Naishi kwangu."

"Mama yako anakulisha?"

"Mimi ndiye ninayemlimia."

"Una miaka mingapi?"

Kijana alisema hajui, lakini amevuka Desemba. Mkalimani alilitafsiri hilo kwa maneno mengi. Nadhani alieleza sawasawa. Alikuwa mkalimani mwaminifu, sikuwahi kumkamata akibadilisha kitu.

Hapo mama wa uji alisimama bila kuitwa. "Bwana mkubwa, mtazame shingo. Ni mtoto huyu. Mimi nimezaa sita, ninajua shingo ya mtoto."

Kijana aligeuka. Hakupandisha sauti. "Mama, tafadhali. Usiniite hivyo mbele ya watu. Mimi si katoto."

Hakimu akakohoa. Alisema, na mkalimani akatuletea, kwamba hakuna cheti cha kuzaliwa. Kwamba angeweza kuita daktari atazame meno, lakini haoni haja, kwa kuwa watu ambao siku zote wanamwambia ukweli wamemwandikia kwamba huyu ana nyumba yake, ni mkuu wa mji, na kwa desturi ya watu wake ni mwanamume. Na mwenyewe amekubali. Maneno "kama miaka kumi na tano" yanaweza kuwa kumi na sita au zaidi. Kesi hii si ya chumba hiki.

Mwalimu alijaribu. Alisema kwamba kutahiriwa si umri. Alisema vizuri, kwa Kiingereza chake cha darasani, na hakimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha hakimu akanitazama mimi. "Je, ulichoandika ni kweli?"

Ningeweza kusema nilikosea. Ningeweza kusema nilisikia vibaya, kwamba kile kibanda ni cha mbuzi. Nilikuwa na muda wa kutosha, kwa sababu mkalimani alilirudia swali, ingawa nilikuwa nimelielewa. Seremala mzee alikuwa ameshika rula yake kwa mikono miwili.

"Ni kweli, bwana," nikasema.

Walimtoa kwa mlango wa ndani wakampeleka upande wa pili, korti kubwa, ambako watu wazima walisimama kizimbani na umati nyuma. Tulimfuata tukakaa nyuma. Alisimama kati ya mtu aliyempiga mkewe na mtu aliyekutwa na pombe ya chang'aa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika namba za treni fupi. Wizi wa mahindi na kutembea bila pasi: miezi sita, kazi ngumu. Katika ile shule angekaa miaka zaidi, huenda mitatu, na hilo nalo lazima niliandike. Lakini huko angekaa na watoto. Kijana alisikiliza, akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyepewa ujumbe, akatoka.

Nje mama wa uji hakunisema. Alifunga leso, akaenda kwa sufuria yake. Mwalimu alisema, "Hujafanya kosa," kisha baada ya hatua kama kumi akasema tena, "Hujafanya kosa, karani." Seremala aliuliza kama anaweza kurudi kazini, akarudi. Mimi nilirudi yadini. Treni ya saa nane iliingia, nikaandika mabehewa yote, na nilipoyakagua hakuna namba iliyokosewa. Nilitarajia kukosea angalau moja. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono, unautazama ni wako lakini hauna habari.

Kwenye daftari Alhamisi hiyo ina mistari minne tu, na wa nne unasema mvua haikunyesha.

Jumamosi nilikwenda Kariandusi, kwa sababu mtu alipaswa kumwambia, na kurasa ni zangu. Mama alikuwa kwenye pareto kama mara ya kwanza. Safari hii alisimama aliponiona, akauliza kabla sijasalimu, "Mmempata?"

"Hatukumpata, mama. Amefungwa. Miezi sita."

"Kule kwa watoto?"

"Hapana. Jela ya wakubwa."

Alichuma maua mawili, matatu. "Alilia?"

"Hakulia."

"Na ni nani aliyesema ni mkubwa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima. Nilikuwa na maneno, kwamba kijana mwenyewe alisema, kwamba hakimu ndiye aliyeamua, kwamba wewe mama uliniambia. Yote yalikuwa kweli. "Mimi niliandika," nikasema. "Ya kibanda, na ya kuvuka. Hakimu alisoma hayo."

Alinitazama usoni. Sikuona hasira, na sikuona msamaha pia, na sitaki kuandika kwamba niliona kitu ambacho sikukiona. Mwishowe alisema, "Mimi ndiye niliyekwambia."

"Ndiyo, mama."

"Basi."

Nyapara alipiga filimbi kutoka juu ya mteremko na mama akainama akaendelea. Nilitembea kando yake katika mstari, kama ninavyotembea kando ya treni. Baada ya muda aliuliza jela iko wapi, na mtu anafikaje. Nilianza kumweleza, akanikatiza. "Mimi sijui mji. Niandikie. Nitawaonyesha watu wanisomee."

Nilitoa karatasi, nikaiweka juu ya paja. Niliandika treni ya asubuhi, stesheni ya kushuka, barabara, mlango wa jela, siku ya kuwaona wafungwa. Chini yake palihitaji maneno ya kumwonyesha askari wa mlangoni, kwamba huyu ni nani na amekuja kumwona nani. Hapo kalamu ikasimama. Nilianza kufikiri neno la haki, lisilomdharau yule kijana na lisilodanganya.

Mama aliitazama karatasi. "Umekwama nini?"

"Natafuta namna ya kumtaja."

"Andika mwanangu," akasema. "Usiandike kingine."

Niliandika hivyo. Alipangusa mikono, akaikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya kitambaa cha kichwani, akarudi kwenye maua.